Lubumbashi: Kompyuta inayovuma usiku, namna ya kuituliza bila kuiua

Katika komini nyingi za Lubumbashi, kompyuta ya mezani haingoji mchana. Umeme wa SNEL ukikatwa kutwa kisha ukarudi saa tatu au saa nne usiku, ndipo kazi inaanza. Mwanafunzi anaendelea na TFC yake, mwalimu anachapa maswali ya mtihani, mama mwenye duka anaingiza hesabu za siku, kijana wa kuchapa kadi za ndoa anamaliza oda ya Jumamosi. Lakini saa hiyo ndiyo saa ya watoto kulala, na katika nyumba nyingi sebule ya mchana ndicho chumba cha kulala cha usiku. Pale juu ya meza sanduku la kompyuta linavuma kama kinu cha kusaga unga.

Mara nyingi jambo hilo linaishia kwenye ugomvi. Ama mwenye kazi anazima mashine na kazi inalala, ama jamaa wote wanavumilia hadi asubuhi. Wengine hutafuta njia ya tatu: wanaifunika mashine kwa kitenge, wanaisukuma ndani ya kabati, au wanachomoa feni inayopiga kelele. Nyumba inatulia kwa siku chache. Kisha mashine inaanza kujizima yenyewe, na siku moja haiwaki tena. Kwa jamaa iliyojinyima miezi kadhaa ili kuinunua, hiyo ni hasara kubwa, na kama TFC ilikuwa ndani yake bila nakala, hasara inakuwa mara mbili.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi wakati wa kununua ni hili: kelele ya kompyuta ni dalili tu. Sehemu kubwa inatokana na joto, na joto linaongezwa na vumbi. Anayeziba kelele bila kupunguza joto anaua mashine. Anayepunguza joto anapata vyote viwili, ukimya na mashine ya kudumu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji pesa.

Kelele inatoka wapi

Karibu umeme wote unaoingia ndani ya kompyuta unatoka kama joto. Mashine inayotumia wati 100 inapasha moto chumba sawa na balbu ya zamani ya wati 100, isipokuwa joto hilo linazaliwa ndani ya sanduku la bati. Lisipotolewa, prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, inaweza kufika karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo inajipunguzia mwendo ili isiungue, na hilo lisipotosha, mashine nzima inazimika.

Kazi ya kutoa joto wamepewa feni, ambazo mafundi mjini huziita vantilateri. Sanduku la kawaida lina feni mbili au tatu: moja juu ya prosesa, moja ndani ya alimentasyo, yaani boksi linalopokea umeme wa ukutani, na nyingine nyuma ya sanduku. Mashine yenye kadi ya picha kwa ajili ya michezo au video huwa na moja au mbili zaidi. Kadi mama inapima joto na kuziagiza feni zizunguke polepole au haraka. Kwa hiyo feni inayopiga makelele, mara nyingi, ni feni inayotii amri. Imeambiwa kuna joto, nayo inakimbia kulitoa.

Chanzo cha pili ni diski kuu ya aina ya zamani. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka bila kupumzika. Nyingi za mashine za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mtikisiko huo mdogo unaingia kwenye bati la sanduku, unashuka kwenye meza, na meza yenyewe inageuka ngoma. Ndiyo sababu mtu akiinua sanduku kidogo kwa mikono, mvumo mzito hupungua mara moja.

Sikiliza kwanza, kisha fungua

Kabla ya kununua chochote au kumwita fundi, ni vizuri kujua ni kifaa gani kinacholia. Chukua karatasi, ikunje kama bomba, weka upande mmoja sikioni na upande mwingine karibu na kila sehemu ya mashine ikiwa imewaka. Bomba hilo linatenga sauti moja na nyingine bila mtu kuingiza vidole mahali feni zinapozunguka.

Mvumo wa upepo unaopanda na kushuka ni feni inayopambana na joto. Mngurumo mzito usiobadilika ni diski au bati linalotikisika. Sauti ya kukwaruza, hasa asubuhi mashine inapowashwa kisha ikatulia kidogo, ni feni ambayo mafuta ya ndani yamekauka na mhimili wake umelika. Mlio mwembamba sana kama wa mbu, unaobadilika picha zinapotembea kwenye kioo, unatoka kwenye koili ndogo za umeme. Unaudhi, lakini kwa kawaida hauna hatari.

Sauti moja isipuuzwe hata usiku mmoja: diski inapogonga, tak, tak, tak, huku mashine ikichelewa kufungua mafaili. Hiyo ni diski inayoelekea kufa. Kazi ya kwanza hapo ni kunakili mafaili ya maana kwenye diski ya nje au kwenye klefu, kabla ya kufikiria ukimya. Diski ikishakufa kabisa, kuyapata mafaili ni kazi ngumu na ya gharama, na mara nyingine haiwezekani.

Desibeli hazijumlishwi kama franga

Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ina tabia yake. Feni mbili zenye desibeli 30 kila moja hazitoi 60, zinatoa 33. Feni ya desibeli 40 ikikaa karibu na nyingine ya 30, jumla inabaki 40 na kidogo. Maana yake ni kwamba mtu anayetumia pesa kutuliza kifaa kidogo huku kile kikubwa kikiendelea kunguruma hatasikia tofauti yoyote. Lazima aanze na kinacholia kuliko vyote.

Kwa upande mwingine, desibeli 10 zikipungua, sikio linasikia kama kelele imepungua kwa nusu. Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 juu ya makelele, lilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala sauti inayoendelea isipite desibeli 30 ili mtu alale vizuri, na darasani isipite 35 ili mwanafunzi amsikie mwalimu. Kompyuta ya mezani iliyo safi na isiyo na kazi nyingi inaweza kuwa karibu na kiwango hicho cha usingizi. Ileile ikijaa vumbi, feni zake zikikimbia kwa nguvu zote, inaweza kupita 45.

Kuna habari njema katika hesabu hiyo. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, kelele yake inashuka kwa takriban desibeli 15. Hewa inayosukuma nayo inapungua kwa nusu, lakini mashine iliyo safi inatosheka na hewa hiyo. Basi lengo ni kuzifikisha feni mahali ambapo kadi mama yenyewe haina tena sababu ya kuzikimbiza.

Kwa nini Lubumbashi ni mji mgumu kwa mashine

Kuanzia mwezi wa tano hadi mvua zinapokaribia, udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami unapaa na kuingia kila mahali: kwenye chakula, kwenye nguo zilizoanikwa, na ndani ya kompyuta. Moshi wa makala na mafuta ya jikoni unalifanya vumbi hilo ligande. Ndani ya miezi michache mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa yanavaa tabaka la nyuzi na udongo. Tabaka hilo linafanya kazi ya blanketi. Feni inapiga juu yake, hewa haipiti.

Halafu inakuja Oktoba, mwezi wa joto kali kabla ya mvua. Mashine iliyokusanya vumbi kwa miezi mitano inakutana na siku za joto kuliko zote za mwaka. Ndiyo maana kompyuta nyingi ambazo Juni zilikuwa kimya, Oktoba zinapiga kelele ingawa hakuna kilichobadilika ndani yake.

Mwinuko wa mji unaongeza mzigo. Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko Matadi au Mombasa. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo zaidi. Feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile inapoza kidogo kuliko pale bandarini, kwa hiyo inalazimika kukimbia zaidi.

Umri wa mashine pia ni jambo la kuangalia. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini zimeshatumika Ulaya au Dubai kabla ya kufika, na zinakuja na vumbi la miaka. Tena, vizazi vya prosesa havilingani. Baadhi ya Pentium 4 za Intel za mwaka 2004 zilikadiriwa wati 115 za joto. Core 2 Duo zilizofuata mwaka 2006 nyingi zilikadiriwa wati 65, zikifanya kazi zaidi. Mnunuzi wa mashine ya zamani anayechagua kizazi kilichofuata ameshapata nusu ya ukimya kabla hata ya kuiwasha.

Kusafisha: dawa ya kwanza na ya bei ndogo

Vinavyohitajika ni brashi laini ya kupaka rangi ambayo haijatumika, bisibisi, kitambaa kikavu, na kitambaa kingine cha kufunga puani, maana vumbi litakalotoka si dogo. Kazi ifanyike nje, kwenye baraza au uani, si ndani ya chumba wanamolala watoto.

Mashine izimwe na waya wa umeme uchomolewe ukutani. Kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe. Kabla ya kugusa kadi yoyote, mtu aguse kwanza bati tupu la sanduku. Hewa ya kiangazi ni kavu, na mwili wa mtu unabeba cheche ndogo zinazoweza kuharibu kifaa bila yeye kuhisi chochote.

Brashi ipite kati ya mapezi ya alumini, kwenye majani ya feni, na kwenye matundu yote ya sanduku. Kama kuna pampu ya hewa, feni ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Feni inayozungushwa kwa nguvu ya hewa inaharibika mhimili, na inaweza kurudisha umeme kwenye kadi mama. Maji yasitumike, wala kitambaa chenye unyevu.

Boksi la alimentasyo lisifunguliwe na mtu asiye fundi. Ndani yake kuna vifaa vinavyobaki na umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaua. Linapulizwa kutoka nje tu, kupitia matundu yake.

Mashine yenye miaka mingi ina jambo moja la ziada. Kati ya prosesa na alumini hupakwa pasta ya joto, ambayo baada ya miaka hukauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Ikishakauka, joto haliondoki vizuri hata alumini ikiwa safi. Fundi anaifuta ile ya zamani kwa spiriti na kuweka mpya kiasi cha punje ndogo ya haragwe, si zaidi. Ikipakwa nyingi haiongezi chochote, ila inachafua kadi.

Kiangazi, usafi wa juu juu ufanyike kila mwezi, na ule wa kufungua sanduku ufanyike angalau mara mbili kwa mwaka. Mara ya maana zaidi ni mwisho wa Septemba, kabla ya joto la Oktoba.

Mahali inapokaa

Sanduku lililosukumwa kwenye pembe ya kuta mbili linapiga kelele zaidi kuliko lile lililo mbali na ukuta, kwa sababu kuta zinarudisha sauti chumbani. Tena, hewa ya moto inayotoka nyuma inagonga ukuta na kurudi ndani. Nafasi ya shubiri moja nyuma ya mashine inasaidia mambo yote mawili.

Sakafuni nako si pazuri. Vumbi linalofagiliwa kila asubuhi linaingia moja kwa moja kwenye matundu ya mbele. Kigoda kifupi au matofali mawili pembeni ya meza yanatosha kuiinua mashine. Ikikaa pembeni ya meza, chini ya usawa wa masikio, kelele inayomfikia anayeandika inapungua bila kubadili kitu kingine.

Kwa mngurumo wa diski, mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli unafanya kazi nzuri. Vipande vinne vilivyokunjwa mara mbili na kuwekwa chini ya pembe nne za sanduku vinakata mtikisiko kabla haujafika mezani. Kwa bei ya kipande cha mpira kwa fundi wa baiskeli, hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Parafujo za bati la pembeni nazo zikazwe, maana bati lililolegea linaimba lenyewe.

Pazia zito, mkeka na godoro vinanyonya sauti inayorukaruka kati ya kuta za saruji. Lakini vitu hivyo vikae chumbani, mbali na matundu ya mashine. Kitenge juu ya kompyuta inayofanya kazi hakina nafasi hata kwa saa moja.

Pale kelele inapotoka kwenye programu

Kuna wakati mashine ni safi lakini feni zinakimbia ingawa mtu hajafungua chochote. Hapo mkosaji anaweza kuwa ni programu inayofanya kazi kwa siri. Katika Windows, vidole vitatu kwenye Ctrl, Shift na Esc vinafungua orodha ya kazi zinazoendelea. Programu inayokula asilimia 80 au 90 ya prosesa bila sababu inaonekana juu ya orodha. Inaweza kuwa ni Windows inayojisasisha, na hiyo itaisha yenyewe. Inaweza pia kuwa ni virusi, kati yao vile vinavyotumia kompyuta ya mtu kutafuta pesa za kidijitali kwa faida ya mwingine. Mwenye nyumba analipa umeme, watoto wanakosa usingizi, na faida inakwenda kwa mtu asiyejulikana. Mashine zinazopokea klefu za kila mteja ziko kwenye hatari hiyo zaidi.

Mipangilio ya umeme nayo ina jambo la kujua. Prosesa nyingi za kisasa hujiongezea kasi kwa muda mfupi kila zinapopata kazi, na kila mruko wa kasi ni mruko wa joto na wa feni. Katika mipangilio ya juu ya umeme ya Windows, kikomo cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi za Intel zinaacha kabisa kasi hiyo ya ziada. Anayeandika au kufanya hesabu haoni tofauti. Anayetengeneza video ataona, na anaweza kurudisha 100 mchana.

Hatua nyingine iko kwenye BIOS, ukurasa unaofunguka mtu akibonyeza F2, F10 au Delete mashine inapowaka. Kadi mama nyingi zina sehemu ya kupanga mwendo wa feni, na nyingine zina hali ya ukimya iliyo tayari. Waya wa feni wenye pini nne unaruhusu kadi mama kuiongoza feni kwa usahihi, kwa kukata na kurudisha umeme karibu mara 25,000 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la mtu halisikii. Feni ya pini tatu inaongozwa kwa kupunguziwa volti, na kadi mama nyingine haziwezi. Hapo feni inazunguka kwa nguvu zote mchana na usiku, hata mashine ikiwa baridi.

Baada ya mabadiliko yoyote ya namna hii, joto liangaliwe kwa siku mbili tatu. Prosesa inayobaki chini ya nyuzi 80 wakati wa kazi nzito iko salama. Ikipita 90, feni zimepunguzwa mno.

Piesi zinazostahili pesa

Baada ya usafi na mpangilio, kama kelele bado ipo, ndipo mfuko ufunguliwe, na kwa mpango.

Ya kwanza ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Haina mngurumo wala mtikisiko, na mashine ya zamani inafunguka haraka zaidi. Mwenye mafaili mengi anaweza kuweka Windows na kazi za kila siku kwenye SSD ndogo, kisha diski ya zamani ikabaki kwa akiba na kulala isipotumika. Kwa mji wenye umeme wa kukatika ghafla, SSD ina faida nyingine: haina kichwa cha kusomea kinachoweza kukwaruza sahani.

Ya pili ni feni. Feni kubwa inayozunguka polepole inasukuma hewa ileile kwa kelele ndogo. Feni ya milimita 120 ina eneo mara mbili na robo ya ile ya milimita 80. Kama sanduku lina matundu ya ukubwa huo, hilo ni badiliko linalosikika siku hiyohiyo. Tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wa feni iliyokauka linaweza kuituliza kwa muda. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa, maana yanaganda na kukusanya vumbi.

Ya tatu ni alimentasyo. Boksi duni linalopoteza umeme mwingi linatoa joto jingi, na feni yake inakimbia daima. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, inaonyesha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia inafika kwenye mashine. Lakini alama ya karatasi inaweza kuigizwa. Uzito wa boksi mkononi na duka linalokubali kurudishiwa ni ushahidi bora.

Onduleri isisahauliwe. Mara nyingine mtu anasafisha kompyuta nzima, kumbe kinacholia ni feni ya onduleri chini ya meza, au regulateri inayogonga kila volti zinapopanda na kushuka. Hivyo navyo vina vumbi, navyo vinahitaji hewa.

Ukimya usio na hewa

Hamu ya kompyuta isiyo na sauti si mpya. Steve Jobs wa Apple hakupenda feni, na Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilitoka bila feni. Kabla yake, mwaka 1980, Apple III nayo ilitoka bila feni, ikapata sifa mbaya ya kuharibika na kupata joto, na haikupona sokoni. Leo kuna kompyuta ndogo zisizo na feni zinazofanya kazi vizuri kwa sababu prosesa zake zinatumia wati chache sana. Kwa anayeandika tu na kusoma barua pepe, mashine ya namna hiyo ni chaguo la busara, pia kwa sababu betri ya onduleri inaibeba kwa muda mrefu zaidi umeme unapokatika.

Lakini mashine iliyoumbwa na feni haiwezi kugeuzwa kuwa isiyo na feni kwa kuchomoa waya. Vilevile kuifungia kabatini kunaifanya ivute hewa yake yenyewe ya moto, na kitambaa kinachozibia matundu ili vumbi lisiingie kinazuia pia hewa. Soksi nyembamba ya nailoni kwenye matundu ya mbele inaweza kusaidia wakati wa vumbi jingi, ila lazima ifuliwe kila wiki. Ikisahauliwa inakuwa blanketi jingine.

Kwa jamaa yenye pesa kidogo, mpango ni huu: Jumamosi moja ya brashi na bisibisi uani, vipande vinne vya mpira chini ya sanduku, shubiri moja kati ya mashine na ukuta, na dakika chache kwenye mipangilio ya umeme. Mafaili yote yanakiliwe kabla ya kuanza. Mengine, kama SSD na feni kubwa, yanaweza kungoja mwisho wa mwezi. Na kelele ikirudi baada ya hapo, sanduku lifunguliwe kabla ya Oktoba, kwa sababu kuna kitu ndani kinachopata joto.